Kuchagua Vazi la Asili au la Kimapinduzi kwa Kiongozi wa Umma

Kiongozi anayeweka kando suti na tai ajiulize kwanza vazi jipya litamsemea nani, kwa kuwa watu humsoma kabla hajafungua kinywa. Kwame Nkrumah alipotangaza uhuru wa Ghana tarehe 6 Machi 1957 alivaa fugu, vazi la pamba la watu wa kaskazini, ilhali yeye alizaliwa kusini-magharibi. Mwenye cheo cha kitaifa afuate njia hiyo, asijifungie katika vazi la kabila lake pekee.

Kisha kichunguzwe kitambaa, na hapa naomba pasiwe na haraka. Rais Thomas Sankara alipotaka watumishi wa umma wa Burkina Faso wavae Faso dan fani, kitambaa cha pamba cha nchi hiyo, katika miaka ya 1980, alikusudia pamba ya nchi ifumwe nchini na wafumaji wapate riziki. Vazi la kizalendo lililoshonwa kwa kitambaa cha kuagizwa nje linajikana lenyewe. Ligeuze ndani nje: Faso dan fani iliyofumwa kwa mkono huonyesha vipande vyembamba vilivyoungwa kwa mshono, na mistari yake ni nyuzi zenyewe, si rangi iliyopigwa juu, hivyo huonekana pande zote mbili.

Ukichagua Kaunda suti, iliyopata jina kwa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, kumbuka kwamba haina tai ya kuficha kasoro. Kola ilale sawa shingoni, mabega yasipwaye, na mifuko isijazwe simu na karatasi hadi koti livutike.

Uliza pia kanuni za ukumbi. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti na mavazi ya asili bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akivaa Kaunda suti mara kwa mara.

Jambo zito zaidi ni shuruti. Rais Mobutu Sese Seko aliifanya abacosti, koti la kuvaliwa bila tai, kuwa vazi rasmi la Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) na kukataza tai, na alipoondoa sharti hilo mwaka 1990 wengi walirudia suti zao. Sankara naye alitumia amri. Mkuu wa ofisi anayeamini vazi lake alivae siku za kawaida za kazi, si kwenye sherehe tu, na awaachie walio chini yake hiari, hasa wale ambao mshahara wao hauwaruhusu kushonesha nguo mpya.