Ukipaka uso, usiiache shingo na mikono

Wengi tunahangaika na uso tu, kumbe umri huanza kusomeka shingoni na kwenye mgongo wa kiganja. Mchawi mkubwa ni jua. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28: upande wa uso uliokaa dirishani umejaa makunyanzi mazito, wa pili afadhali sana. Kioo cha gari huzuia miale inayobabua, lakini ile inayozeesha ngozi hupenya.

Kwa hiyo paka losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, hata kama wewe ni mweusi tii. Ukishinda juani, rudia kila saa mbili. Bei imekushinda? Kofia pana, mtandio na mikono mirefu vinafanya kazi.

Ukitoka kuoga usijisugue na taulo, jikaushe kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Yanazuia maji yasipotee. Na mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, achana nao kabisa, maana zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo huharibu hadi figo.