Somo: Kukagua bodi za jipsamu mkanda ukiwa unatembea

Wiki hii pekee watu wanne wameniuliza "mbona karatasi inabanduka?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nazungumzia bodi za milimita 12.5, jipsamu iliyobanwa katikati ya karatasi mbili. Mkanda unaobeba bodi kiwandani haukungoji, kwa hivyo kila kipimo kiandike na saa yake.

1. Mizani isome sifuri kabla ya shifti.

2. Uji, yaani unga wa jipsamu uliokorogwa na maji na povu. Kinga kwa kikombe cha ujazo unaojulikana, sawazisha juu, pima. Kikiwa kizito, povu limepungua. Usikimbilie kuongeza maji, maana yote hayo draya (mashine ya kukausha bodi) itabidi iyatoe.

3. Kwenye kisu kinachokata bodi mkandani, bonyeza bodi kwa kidole gumba. Kikizama, uji haujashika: punguza kasi au ongeza unga wa kuharakisha.

4. Unene: kingo zote mbili na katikati.

5. Unyevu baada ya draya. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimetoka maabara ya mchanga na kokoto, na huko tanuri la kukaushia sampuli ni nyuzi joto 105, basi. Nikatia kipande cha bodi humo usiku kucha. Asubuhi kikawa kimepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Nikamwambia opereta bodi zinatoka mbichi, apandishe moto. Akapandisha. Kufikia saa nane mchana kingo zilikuwa unga na karatasi inatoka kama ganda la ndizi. Kumbe jipsamu safi ina maji ndani ya fuwele zake, karibu asilimia 21 ya uzito, na nyuzi 105 zinayang'oa. Sikuwa napima unyevu, nilikuwa napika sampuli. TANURI LIWE NYUZI 45, mpaka uzito usibadilike kati ya vipimo viwili. Sampuli ibebwe kwenye chombo chenye kifuniko. Na usichukue ya katikati peke yake: kingo na ncha ndizo huungua kwanza.

6. Gamu, yaani karatasi ilivyoshikana na jipsamu. Chora kwa kisu cha mkono, vunja, bandua. Karatasi ikichanika na kuacha nyuzinyuzi kwenye jipsamu, sawa. Ikitoka nzima na safi, simamisha upakiaji, hata kama lori limeshafika getini.

MASWALI

Fundi Rongai: Sijamaliza kusoma, tanuri nyuzi ngapi?

— Hatua ya 5.

Kevo Embakasi: Sisi tunatumia 105 na bodi zinauzwa.

— Kuuzwa zitauzwa. Pima kipande kimoja kwa 45 na pacha wake kwa 105, uje na namba mbili. Bila namba sibishani.

Nduku: Mwalimu, wanga unawekwa wa nini? Si ndio gundi?

— Swali zuri, dada. Kinachoshika hasa ni fuwele za jipsamu zinazomea katikati ya nyuzinyuzi za karatasi. Bodi ikikauka, wanga husafiri na maji kwenda kwenye karatasi, ukabaki pale mpakani ukizilinda fuwele hizo moto ukizidi. Ndiyo maana ukibandua, uangalie palipobandukia. Ukikuta unga mkavu, zimeungua.

Nduku: Na uji ukigandia ndani ya kichanganyio?

— Mabaki hayo huwa mbegu. Uji mpya unashika haraka, unapata mabonge. Unga wa kuharakisha nao ni jipsamu iliyosagwa, kazi ni ile ile, ila huyo umemwalika mwenyewe. Osha kila mkanda ukisimama.

Mzee wa Dari: Stima ikipotea katikati ya kazi?

— Bodi zilizokwama ndani ya draya, joto linaendelea kuzipika. Zitenge zote, gamu ipimwe moja moja. Opereta atakuambia zilikaa dakika tatu tu. Usimsikize.

Fundi Rongai: Na hapa saiti, bodi zikinyeshewa nizianike?

— Zilizolowa mpaka ndani usizipandishe darini. Kavu zilaze bapa juu ya mbao. Ukiziegemeza ukutani zitapinda. Hii umesoma yote?

Fundi Rongai: Hii nimesoma.