Utitiri katika Banda la Baji: Kuutambua, Kuutofautisha na Kuutibu

Baji, yaani wale kasuku wadogo wa asili ya Australia wenye mistari myeusi kichwani na mabawani, hushambuliwa na aina mbili kubwa za utitiri wanapofugwa kwa wingi bandani, na wafugaji wengi wanaoniletea ndege wao huwa wamekwisha kupoteza wiki kadhaa wakitibu aina moja kwa njia inayofaa aina nyingine. Utitiri wa usoni huishi ndani ya ngozi ya ndege maisha yake yote, kwa hiyo anayetibiwa ni ndege. Utitiri mwekundu, ambao ni uleule unaowasumbua kuku, hujificha mchana katika nyufa za banda na kumwendea ndege usiku ili kumfyonza damu, kwa hiyo kinachotibiwa kwanza ni banda. Ninafuga baji Tanga, katika banda la miti ya mikoko ambalo hapo awali lilikuwa limeezekwa makuti matupu, na hatua zinazofuata nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe kila ninapoitwa kuangalia banda lenye ndege wagonjwa.

Hatua ya 1: Watazame ndege kabla hujamshika hata mmoja

Simama mbali kidogo na banda asubuhi, kabla ya kuweka chakula, ukae kimya kwa dakika kumi hivi. Ndege mgonjwa hujikaza anapomwona mtu karibu, na dalili zake hupotea kwa muda. Mtafute anayesugua mdomo kwenye fito mara kwa mara, aliyevimbisha manyoya ilhali wenzake wanaruka, au anayesinzia mchana. Angalia pia kama kuna majike waliokuwa wakilala ndani ya visanduku vya kutagia na sasa wanang'ang'ania kulala nje. Jike anayekikimbia kisanduku jioni huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo katika maranda aliyokuwa akilalia.

Hatua ya 2: Mshike ndege na umkague uso, miguu na ngozi

Mshike jioni mwanga unapopungua, kwa kitambaa chepesi, kichwa chake kikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo wake ukiegemea kiganja. Usimbane kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kupanua na kubana kifua, na anayebanwa hapo hukosa hewa ingawa pua na mdomo viko wazi.

Kwa kutumia kioo cha kukuza na tochi, anza na pembe za mdomo, pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini. Utitiri wa usoni wenyewe hauonekani kwa macho, ila kazi yake huonekana. Mwanzoni utaona vijistari vyeupe hafifu juu ya mdomo, mfano wa njia aliyopita konokono, na unga mweupe usiofutika kwa kidole. Baadaye hutokea ukoko wa kijivu wenye matundu madogo madogo yaliyosongamana kama sega la nyuki, na matundu hayo ndiyo alama ya kutegemea kuliko zote. Ukoko huanzia kwenye pembe za mdomo na ile ngozi laini inayozunguka matundu ya pua, ukapanda hadi kwenye kope, na kwa ndege aliyechelewa kutibiwa hufika miguuni na kuzunguka njia ya haja. Akiachwa miezi mingi, mizizi ya mdomo huharibika na mdomo hukua ukiwa umepinda, na kasoro hiyo huweza kubaki hata utitiri ukiisha wote.

Hapa pana kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe katika miaka yangu ya mwanzo. Nilimtibu jike kwa wiki tatu kwa sababu ngozi yake ya juu ya mdomo ilikuwa imekuwa nene, ya kahawia na yenye mikunjo, kumbe alikuwa anajiandaa kutaga tu. Jike aliyekomaa hubadilika hivyo kwa nguvu ya homoni, na wakati mwingine tabaka la juu hubanduka lenyewe. Tofauti ni mbili: mabadiliko hayo hayana matundu ya sega, na hubaki kwenye ngozi ya pua bila kuteremka kwenye pembe za mdomo wala kupanda machoni. Ukibaki na shaka, daktari wa mifugo anaweza kukwangua ukoko kidogo na kuutazama kwa darubini. Utitiri huu ni wa mviringo, wenye miguu mifupi sana, na hautambuliki kimakosa kwa urahisi.

Kabla ya kumwachia ndege, mpulizie manyoya ya kifua na ya chini ya mabawa ili uone ngozi. Ukiona wadudu warefu kidogo wakikimbia juu ya manyoya, na mayai yao yamegandamana kwenye vikonyo vya manyoya, hao ni chawa, wala si utitiri. Kinda linalopoteza manyoya makubwa ya mabawa na ya mkia huenda lina ugonjwa wa virusi, na dawa ya utitiri haitalisaidia. Mwisho, fungua mdomo wake kwa upole: ndani pakiwa pamepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, ndege amepungukiwa na damu, na hapo mshuku utitiri mwekundu ingawa hujauona.

Hatua ya 3: Rudi bandani usiku

Ukaguzi wa mchana hauwezi kuufichua utitiri mwekundu kwa uhakika. Nenda saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, ukiwa na tochi, umulike ncha za fito mahali zinapoingia ukutani, maungio ya visanduku, na miguu ya ndege waliolala. Utitiri ambao haujala ni wa kijivu, na ulioshiba ni mwekundu; ukubwa wake haufiki milimita moja lakini mwendo wake huonekana. Ukipangusa ufa kwa karatasi nyeupe na kuikunja, michirizi ya damu itabaki kwenye karatasi.

Kama hutaki kuwashtua ndege usiku, funika tundu wanamolala kwa shuka jeupe na ukague mikunjo yake alfajiri, au funga kipande cha boksi lenye mifereji chini ya ncha ya fito, kiache siku mbili, kisha kipasue. Wewe mwenyewe ukiwashwa mikononi kila baada ya kusafisha banda, hiyo nayo ni dalili isiyopaswa kupuuzwa.

Kwa wafugaji wa pwani, joto letu linausaidia sana mdudu huyu. Penye joto, yai la utitiri mwekundu huweza kufikia ukubwa kwa takriban siku 7, na ndiyo maana banda lililoonekana safi mwanzoni mwa mwezi huwa limejaa kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya 4: Pima uzito, kisha kokotoa dawa

Dawa inayotumika zaidi kwa utitiri wa usoni ni ivamektini, na kipimo kinachokubalika ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wa ndege. Naomba msomaji aisome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndege wengi huuawa hapa kuliko wanaouawa na utitiri wenyewe.

Baji wa kawaida ana gramu 30 hadi 40. Wale wakubwa wa maonyesho huzidi hapo. Mpime kwa mizani ya jikoni ya kidijitali, akiwa ndani ya kiboksi ambacho umekwisha kukipima kikiwa kitupu. Baji wa gramu 35 anahitaji mikrogramu 7 tu. Sasa, ivamektini inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi ina nguvu ya asilimia 1, yaani mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Tone moja lina takriban mililita 0.05, kwa hiyo tone moja la dawa hiyo isiyozimuliwa lina mikrogramu 500, ambayo ni zaidi ya mara 70 ya kipimo cha ndege huyo. Anayekuambia "weka tone moja shingoni" bila kukuambia nguvu ya dawa hajakupa maelekezo yoyote.

Nguvu inayofaa kwa ndege wa ukubwa huu ni asilimia 0.02, ambayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya dawa ya asilimia 1 na sehemu 49 za propilini glaikoli, kimiminika kinachotumika kuyeyushia dawa. Maji hayafai, kwa kuwa dawa haichanganyiki nayo sawasawa, na tone moja huweza kuwa tupu huku jingine likiwa na sumu. Ninapendekeza kwa dhati kwamba mchanganyiko huu ufanywe na daktari wa mifugo au mfamasia, na chupa iandikwe nguvu na tarehe. Katika nguvu hiyo, baji wa gramu 35 anahitaji mililita 0.035, ambayo ni alama tatu na nusu kwenye bomba la sindano ya insulini lenye alama 100 kwa mililita.

Hatua ya 5: Mpake ndege dawa, na urudie kwa tarehe

Ondoa sindano, ubaki na bomba tupu. Tenganisha manyoya ya nyuma ya shingo kwa kuyapuliza mpaka ngozi ionekane, kisha dondosha dawa juu ya ngozi yenyewe, kwani ikiishia kwenye manyoya haitafika mwilini. Usimchome baji sindano ya dawa hii; ndege wadogo wamekufa kwa njia hiyo.

Dozi moja ya ivamektini haitoshi kuumaliza utitiri wote. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kisha mara ya tatu baada ya muda kama huo. Mzunguko mzima wa maisha ya utitiri wa usoni ni takriban wiki tatu, kwa hiyo anayeacha baada ya dozi moja kwa sababu uso umeanza kusafika atauona ugonjwa ukirudi. Watibu ndege wote wa banda hilo siku hiyohiyo. Utitiri huu huambukizwa kwa kugusana kwa karibu, hasa mzazi anapomlisha kinda, na ndege huweza kuubeba kwa muda mrefu bila dalili yoyote. Ikiwa kuna wanaolea makinda, muulize daktari kwanza.

Ukoko usiubandue kwa kucha. Upake mafuta mepesi ya parafini ya duka la dawa (si mafuta ya taa) kwa kijiti cha pamba, kiasi kidogo sana, mbali na macho na matundu ya pua, nao utalainika na kuanguka wenyewe. Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyapaka miguu ya kuku, yanaunguza ngozi ya baji na mvuke wake unamdhuru. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo ziache kwa ng'ombe. Kama ndege ana pete na mguu umevimba kwa magamba, daktari aikate pete hiyo mapema, kabla haijakata damu isifike kwenye vidole.

Hatua ya 6: Litibu banda

Ukiwa umeuona utitiri mwekundu, wahamishe ndege wote kwenye tundu la chuma lililosafishwa, lililowekwa mbali na banda. Ikiwa lina miguu, isimamishe kwenye mikebe yenye mafuta kidogo, kwa kuwa utitiri huu hutembea kwa miguu na hauwezi kuvuka. Choma maranda yote na fito kuukuu. Kwangua uchafu, mwagia nyufa maji yanayochemka yenye sabuni, acha banda likauke kabisa, kisha pulizia nyufa dawa yenye pamethrini, ambayo imetengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto linalolimwa Iringa na Mbeya. Usiwarudishe ndege kabla haijakauka, na wazuie paka wasikaribie ikiwa bado mbichi, maana kwao ni sumu kali. Rudia kazi nzima baada ya siku 5 hadi 7, na mara ya tatu tena, kwa sababu ya mayai.

Makuti hayawezi kuchemshiwa maji wala kupuliziwa yakaenea. Nilihangaika nayo misimu miwili kabla ya kuyaondoa juu ya sehemu ya kulalia na kuweka bati, huku nyufa za ukuta nikiziziba kwa chokaa. Aliye na banda la kuku karibu, au viota vya shomoro darini, alishughulikie hilo pia, kwani utitiri utarejea kutoka huko.

Makinda yasingoje siku ya usafi. Damu yao ni kidogo mno, na kiota kilichojaa utitiri huweza kuwaua kwa siku chache. Waondoe mchana huohuo, wapanguse kwa kitambaa kikavu, uwaweke kwenye kisanduku kipya chenye maranda mapya mahali palepale. Wazazi huendelea kuwalisha.

Hatua ya 7: Mtenge kila ndege mgeni

Ndege mpya akae peke yake wiki sita. Mkague pembe za mdomo siku anayofika, kisha kila wiki, na ufunike tundu lake kwa shuka jeupe usiku wa kwanza na wa mwisho. Andika namba ya pete, uzito na tarehe za ukaguzi. Aliyeonyesha hata vijistari hafifu hupewa dozi zake tatu akiwa hukohuko, na wiki sita zake huanza kuhesabiwa upya kuanzia dozi ya mwisho.