Somo: Shahada ya kwanza ya usaidizi wa wakili Marekani, kuanzia kuchagua chuo hadi kuingia kazini

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kwetu, msaidizi wa kisheria ni mtu wa mtaani au kijijini anayewaelimisha wenzake haki zao na kuwasaidia bure. Marekani, tangazo la kazi likiandika "paralegal", linamtafuta mwajiriwa wa mshahara anayefanya kazi chini ya wakili: kutafiti sheria, kuandaa nyaraka, kupanga ushahidi, kuhesabu tarehe za mahakama. Somo hili linahusu kazi ya pili, nami nitaiita usaidizi wa wakili.

Hatua ya 1: Pima kama shahada unaihitaji

Majimbo mengi hayatoi leseni kwa kazi hii, kwa hiyo anayepanga sifa ni mwajiri. Ofisi ndogo nyingi huridhika na shahada ya miaka miwili. Kampuni kubwa za mawakili, mashirika na idara za serikali ndizo hupenda shahada kamili ya miaka minne.

California ni tofauti. Kifungu cha 6450 cha sheria yake ya biashara na taaluma kinakataza mtu kujiita msaidizi wa wakili bila sifa. Njia kuu ni tatu: cheti cha programu iliyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani (ABA), cheti au shahada ya chuo chenye ithibati yenye angalau krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 24 za masomo ya sheria, au shahada ya kwanza ya fani yoyote pamoja na mwaka mmoja wa kazi ya sheria chini ya wakili anayethibitisha hilo kwa maandishi.

Ushauri wangu ni huu. Kama huna shahada yoyote, anza chuo cha jamii (community college, chuo cha shahada ya miaka miwili), kisha hamia chuo kikuu. Kama unayo tayari, hata ya kilimo, usianze upya. Soma jibu la swali la kwanza huko chini.

Hatua ya 2: Kagua ithibati kabla ya kutoa hata senti

Kuna mambo mawili, na lolote kati yake halichukui nafasi ya lingine. Ithibati ni ya chuo kizima, hutolewa na chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani; bila hiyo hupati msaada wa serikali na krediti zako kwa kawaida hazihamishiki. Idhini ya ABA ni ya programu moja tu ndani ya chuo. Chuo kinaweza kuwa na idhini kwa shahada ya miaka miwili na kisiwe nayo kwa ile ya miaka minne. Tafuta jina la programu yenyewe kwenye orodha ya ABA, usitosheke na maneno ya mtu wa usajili kwenye simu.

Idhini hii si lazima kisheria, ila matangazo mengi ya kazi huitaja. Programu yenye idhini huwa na angalau krediti 60 kwa jumla, ndani yake 18 za elimu ya jumla na 18 za masomo ya sheria.

Hatua ya 3: Panga krediti 120 mwanzoni, si mwaka wa tatu

Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, yaani 15 kila muhula kwa mihula minane. Masomo usiyokubali kuyakosa ni utafiti na uandishi wa sheria, mwenendo wa kesi za madai, mikataba, maadili ya kazi, mali na mirathi, pamoja na teknolojia ya ofisi ya sheria. Kama uandishi unafundishwa muhula mmoja tu, ongeza kozi nyingine ya uandishi, kwa sababu mwajiri atakupima kwa karatasi utakayoandika.

Linaloharibika zaidi hapa ni uhamisho. Masomo ya sheria ya chuo cha jamii mara nyingi hupokelewa chuo kikuu kama krediti za ziada tu, wala hayaondoi kozi inayolingana nayo. Mwanafunzi anafika na krediti 60, anaambiwa arudie mikataba na mwenendo wa kesi. Kinga yake ni kuuliza, kabla ya kujiandikisha chuo cha kwanza, kama kuna makubaliano ya uhamisho kati ya vyuo hivyo viwili. Yakiwepo, omba nakala. Yasipokuwepo, mwandikie mshauri wa masomo wa chuo kikuu barua pepe ukimtajia kozi moja moja, na uhifadhi jibu lake.

Hatua ya 4: Pesa

Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi na aliyepewa hifadhi hujaza kila mwaka fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Ina kikomo cha maisha cha mihula 12 ya masomo kamili. Tahadhari kwa wanaoanza na Kiingereza: kozi za lugha zikilipiwa kwa Pell zinakula mihula hiyohiyo. Tafuta madarasa ya bure ya watu wazima kwanza.

Hatua ya 5: Mafunzo kwa vitendo

Chagua programu yenye intanshipu ya krediti. Ukiwa huko, yashike vizuri mambo mawili.

La kwanza ni kuhesabu tarehe. Katika mahakama ya shirikisho, mdaiwa aliyekabidhiwa hati ya madai kwa njia ya kawaida ana siku 21 za kujibu. Siku ya kukabidhiwa haihesabiwi. Wikendi zilizo katikati zinahesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kisheria, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Chukua mteja aliyekabidhiwa hati Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025. Siku ya kwanza ni tarehe 2. Siku ya 21 ni tarehe 22, nayo ni Jumamosi, hivyo mwisho wake ni Jumatatu tarehe 24. Anayeruka wikendi katika hesabu hupata tarehe ya mbele mno, na mteja anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Tena kila jimbo lina hesabu yake: mahakama za California hutoa siku 30; Texas ni saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kuisha. Andika kanuni uliyotumia pembeni mwa kila tarehe kwenye kalenda.

La pili ni kuficha taarifa binafsi. Nyaraka za mahakama ya shirikisho huonyesha tarakimu 4 za mwisho tu za namba ya hifadhi ya jamii na za akaunti ya benki, mwaka wa kuzaliwa bila siku wala mwezi, na herufi za mwanzo za jina la mtoto. Kosa la kila siku ni kuchora kisanduku cheusi juu ya maneno, kisha kuhifadhi PDF. Maneno bado yamo chini yake. Msomaji akiyanakili na kuyabandika kwingine, yanaonekana yote. Tumia zana maalumu ya kufuta, kisha jaribu kuyanakili mwenyewe kabla ya kutuma.

Hatua ya 6: Mtihani wa uthibitisho

Cheti cha kumaliza kozi hakikufanyi "Certified Paralegal". Hicho ni cheo cha NALA, chama cha kitaifa cha wasaidizi wa mawakili, na hupatikana kwa mtihani. Sehemu ya maarifa ina maswali 120 ya kuchagua kwa saa 3. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa sehemu ya ujuzi, ambayo ni kuandika kwa saa 2. Baadaye unahitaji saa 50 za mafunzo kila miaka mitano, 5 kati yake ziwe za maadili. Chuo kinachokuahidi cheo hiki pamoja na cheti chake, kiepuke.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali, kutoka Dallas: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya ualimu niliyosomea Tanzania. Nianze tena mwaka wa kwanza?

Jibu: Marahaba. Hapana. Peleka shahada yako kwa taasisi ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES (muungano wa taasisi zinazotathmini vyeti vya nje ya Marekani), na uombe tathmini ya kozi kwa kozi. Kisha soma cheti cha usaidizi wa wakili cha wenye shahada, ambacho hakichukui miaka minne. Angalia majina kwanza: kama pasipoti ina majina matatu na cheti kina mawili, au yamepinduliwa, tathmini inaweza kukwama. Andaa hati ya kiapo ya majina kabla ya kutuma. Transkripti (orodha rasmi ya kozi na alama zako) nayo kwa kawaida hutakiwa itoke chuoni moja kwa moja, kwa hiyo anza kuifuatilia mapema.

Swali, kutoka Nairobi: Nikija kwa visa ya mwanafunzi nisomee fani hii, nitaweza kubaki kazini?

Jibu: Kwa ukweli, fani hii ni ngumu kwa njia hiyo. Baada ya kuhitimu unaweza kuomba ruhusa ya kazi ya miezi 12, na nyongeza ya muda wanayopewa wahitimu wa fani za sayansi na teknolojia haikuhusu. Visa ya kazi ya H-1B hudai kazi ambayo kwa kawaida inahitaji shahada ya kwanza ya fani maalumu, na mwongozo wa takwimu za kazi wa serikali yenyewe unasema shahada ya miaka miwili au cheti hutosha kwa usaidizi wa wakili. Maombi mengi hukwama hapo. Fahamu pia kwamba mwenye visa ya mwanafunzi (F-1) huhesabiwa kozi moja tu ya mtandaoni kwa muhula katika masomo yake kamili.

Swali, kutoka Ohio: Krediti hizi zitanipunguzia miaka nikiendelea kusomea uwakili?

Jibu: Hazipunguzi. Vyuo vya sheria hupokea shahada ya kwanza ya fani yoyote, lakini utaanza mwaka wa kwanza kama wengine.

Swali, kutoka Louisville: Ndugu, jamii yetu ya Wakongo hapa inateseka na fomu za uhamiaji. Nikihitimu naweza kufungua ofisi niwajazie?

Jibu: Ndugu yangu, usifanye hivyo peke yako. Kumwambia mtu ajaze fomu ipi, au ajibu vipi, ni ushauri wa kisheria, na shahada hii haikupi haki ya kuutoa. Aliyekosewa fomu anaweza kupoteza kesi yake, na wewe ukashtakiwa. Ila kuna mlango halali: Wizara ya Sheria ya Marekani huwaidhinisha wawakilishi wasio mawakili wanaofanya kazi katika shirika lisilo la faida lililotambuliwa na wizara hiyo. Shirika ndilo linalokuombea. Idhini ya sehemu inakuruhusu kuwakilisha watu mbele ya idara ya uhamiaji. Idhini kamili inafika hadi mahakama ya uhamiaji. Hudumu miaka mitatu, kisha huombwa upya.

Wakati unasubiri, unaweza kutafsiri hati. Cheti cha kuzaliwa cha Kiswahili kikienda idara ya uhamiaji lazima kiambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na chini yake mtafsiri athibitishe kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Weka jina lako, sahihi, anwani na tarehe. Usiruke hata muhuri: andika "seal" na tafsiri ya maneno yaliyomo ndani yake.