Pete ya uchumba: ulizia jiwe, ulizia na dhahabu

Muuzaji akikuambia almasi yake imepita Mpango wa Kimberley, usiishie hapo. Mpango huo wa kimataifa wa vyeti, ulioanza 2003, unalenga almasi ghafi zinazofadhili waasi tu. Haugusi ajira ya watoto wala ujira wa mchimbaji, na cheti chake husafiri na shehena ya mawe ghafi, si na jiwe lililokwisha kukatwa. Uliza nchi na mgodi, viandikwe kwenye risiti. Akisita, nenda duka jingine.

Tanzanaiti huchimbwa Mirerani pekee, mkoani Manyara, kwa hiyo chanzo hakina utata. Ila ni laini kuliko almasi (6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe) na hupasuka ikigongwa. Chagua pete yenye ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote, na isisafishwe kwa mvuke kamwe.

Dhahabu ndiyo wengi huisahau, ilhali wachimbaji wadogo wengi huikamata kwa zebaki inayowadhuru. Badala ya kununua dhahabu mpya, mpelekee sonara pete au bangili za zamani, zipimwe gramu na kuyeyushwa ukiwepo. Mikufu ina lehemu nyingi, hushusha karati. Bora dhahabu yake isafishwe kwanza, lehemu itolewe. Karati 18 igongwe muhuri 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu.