Jinsi ya kumweleza mgonjwa dawa ya jeneriki hadi aikubali

Ordonansi, karatasi ya daktari, inasema Amlor, dawa ya tansio (shinikizo la damu); wewe unatoa amlodipini, jeneriki yake, yaani dawa ileile kutoka kiwanda kingine, na mgonjwa anasema: "Docta, hii si ile." Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, kila anayetoa dawa ameyasikia maneno hayo. Asiposadiki, ataiacha dawa nyumbani au atakopa ili anunue ile ya bei kubwa. Hizi ndizo hatua ninazofuata.

1. Sikiliza hofu kabla ya kutaja bei

Ukianza na "hii ni ya bei nafuu", anasikia "hii ni ya maskini". Muulize: "Mama, nini kinakutia wasiwasi?" Wengi watataja dawa bandia, na wana haki: sokoni kuna vidonge vilivyokatwakatwa, havina pakiti wala tarehe. Mkubalie, kisha mtenganishie mambo mawili. Dawa bandia ni wizi, na hata zenye jina kubwa huigwa. Jeneriki ni dawa halali. Ikagueni pakiti pamoja: kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kuisha.

Anayeamini kwamba nguvu ya dawa inatoka Ulaya tu, mkumbushe kwinini ambayo kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza papa hapa Bukavu kutokana na maganda ya mti.

2. Mwonyeshe jina dogo

Jina kubwa kwenye pakiti ni la kiwanda. Dogo ni la dawa yenyewe. Doliprane na Efferalgan zote ni parasetamoli. Glucophage ni metiformini. Weka pakiti mbili mezani, mwache atafute mwenyewe kwa kidole. Kama hasomi, aliyemsindikiza amsomee kwa sauti. Usiharakishe hapa, hata foleni ikinung'unika.

3. Sasa eleza bei, kwa kifupi

Kiwanda kilichovumbua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu kuiomba. Ikiisha, wengine wanaruhusiwa kuitengeneza. Hawarudii majaribio yote makubwa ya mwanzo, ndiyo maana bei yao ni ndogo. Wanapaswa kuthibitisha kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza.

4. Taja mabadiliko kabla hajayaona

Rangi, umbo na ladha vinaweza kubadilika. Akiyagundua peke yake usiku, kila kizunguzungu atakilaumu kidonge kipya. Mwenye mzio, msomee orodha ya viambato vingine.

5. Hesabuni vidonge pamoja

Makosa ya hatari zaidi yanatokea hapa. Chukua artemeta-lumefantrini ya malaria. Ya 20/120 (miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini), mtu mzima anameza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3: jumla 24. Ya 80/480, anameza kidonge 1 kila mara: jumla 6. Aliyezoea 24 akipewa 6 ataona ameibiwa; mbaya zaidi, anaweza kumeza 4 vikali kwa mkupuo. Mhesabie mezani. Mwambie dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, na kila dozi aimeze na chakula ambacho kina mafuta, hata kama si mengi.

Kwa mwenye tansio hatari ni nyingine: pakiti ya zamani imebaki nyumbani, anameza zote mbili kwa kuwa majina ni tofauti, na tansio inashuka mno. Mwombe alete dawa zote alizo nazo. Kwenye pakiti mpya andika kwa kalamu: "Inachukua nafasi ya Amlor. Usichanganye."

6. Mwache yeye akueleze

Usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Mzee, mama watoto akikuuliza kwa nini dawa imebadilika na utaimeza vipi, utamjibu nini?" Palipo na pengo, rudia hapo tu.

7. Jua wapi usibadilishe ovyo

Dawa za kifafa kama fenitoini na karibamazepini; warfarini, ya kuzuia damu kuganda; na levothiroksini, ya tezi ya shingo: tofauti ndogo ya kiasi kwenye damu inaweza kumdhuru mgonjwa. Aliyetulia kwenye dawa ya kiwanda kimoja aendelee nayo, hata kama ni jeneriki. Ikikosekana, mpigie daktari aliyeiandika kabla ya kutoa nyingine. Na aliyebadilishiwa mahali pengine kisha degedege likarudi, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, pakiti zote mbili mkononi.