Kabla Hujashika Jembe: Bustani ya Mboga kwa Mtu wa Tanga Mjini

Mvua za kwanza za masika zikishaanguka, watu hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na pakiti za kabichi, karoti na hoho, kwa kuwa picha zake zinavutia. Ushauri wangu ni kuanza na sufuria. Jiulize nyumba yako inakula mboga gani, mara ngapi kwa wiki, na ipi inaweza kukubali joto la huku chini. Kabichi na karoti zinashushwa kutoka Lushoto, ambako baridi ya Usambara ndiyo inayozikuza. Kabichi ukiipanda Makorora, hapa mjini, haitafunga kichwa, na huku sokoni Mgandini imejaa tele. Bustani ya mwambao ni mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, biringanya, majani ya kunde na mlenda. Kwa familia ya kawaida, aina nne zinazoliwa kweli zinatosha kuanzia.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Kisima cha karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi, na chumvi hiyo huzidi kiangazi kinapokaza, Januari na Februari. Onja maji kabla hujachimba tuta. Tazama pia udongo unaomwagiliwa maji hayo: ukikauka ukaacha ukoko mweupe juu, au ncha za majani ya mimea ya jirani zimeungua, umeshapata jibu. Maharage na vitunguu havistahimili chumvi kabisa. Spinachi huvumilia zaidi kuliko mboga nyingi, na mchicha huvumilia kiasi. Maji ya namna hiyo yamwagwe shinani, yasirushwe juu ya majani, na yamwagwe kwa wingi ili yasukume chumvi chini ya mizizi. Kunyunyizia kidogo kidogo kila mara huirundika palepale juu.

Piga na hesabu ya kiasi. Tuta la mita 5 za mraba wakati wa jua kali linataka ndoo moja na nusu ya lita 20 kwa siku, na kwenye mchanga ni bora uigawe asubuhi na jioni. Ukitegemea bomba, bili itakukumbusha. Bati nalo lisidharauliwe: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 800, ukitoa zinazopotea. Simtanki na mifereji ya bati viwe tayari mwezi Februari, kabla masika hayajabisha hodi.

Majira nayo yana utaratibu wake. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa matembele, kunde, mlenda na kupanda miti ya kisamvu. Nyanya si wakati wake: unyevu huleta ukungu wa majani, na wiki moja ya mvua mfululizo inatosha kumaliza tuta zima. Sia nyanya kitaluni mwezi Mei, zihamishe Juni, zichanue kwenye kipupwe. Usiku wa joto la kuzidi nyuzi 24 hivi, maua ya nyanya hudondoka bila kushika, ndiyo maana za Februari hunawiri majani na kukosa matunda. Bamia na biringanya hazijali joto, almuradi zipate maji. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni nafasi ya pili, ila haiaminiki kama masika.

Udongo wa mjini mara nyingi ni mchanga, au umekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye chokaa. Tiba ya vyote viwili ni samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita 2 za mraba. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza, iache ioze kwanza. Majani yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, shuku chokaa kabla ya kushuku wadudu. Anayetaka kupima udongo kitaalamu ana bahati, kwa kuwa kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, hushughulika na udongo pamoja na mkonge. Halafu uzio: kuku wa jirani wanaijua miche ya mchicha kuliko wewe.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage, na usie kila baada ya wiki mbili badala ya zote kwa siku moja. Matembele huanza na vipande vya mashina vya sentimita 20 hadi 30. Kwa kisamvu, chagua shina lenye afya. Lenye majani ya batobato, au lenye michirizi ya kahawia kwenye shina lenyewe, lipitie mbali: ugonjwa wa michirizi ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na watafiti wa kituo cha Amani, hukohuko kwenye milima yetu ya Usambara, na hadi leo unasambazwa na vipandikizi vya kuombana. Ukiwa na nafasi ukutani, panda kisamvu mpira, maana muhogo wa kawaida ukichumwa majani kila mara mizizi yake inadumaa.

Dawa za dukani ziwe za mwisho, na kibandiko kisomwe siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mboga ya majani inayochumwa kila siku haina nafasi ya siku hizo. Vidukari vichache hutolewa kwa maji ya sabuni tu.

Mchicha huwa tayari wiki ya tatu au ya nne, bamia baada ya miezi miwili hivi, nyanya chungu karibu mitatu. Bamia ikishaanza haisubiri mtu: ichume kila baada ya siku moja, ingali fupi kama kidole, la sivyo inakuwa ufito. Mboga za majani zivunwe alfajiri.

Kwa upande wa jiko, hakikisha una kinu na mchi, mbuzi ya kukunia na kifumbu. Kisamvu kina sumu ya sayanaidi, kwa hiyo hutwangwa kikalainika, kikachemshwa muda mrefu bila mfuniko, ndipo kikaungwa. Tui jepesi huingia kwanza. Tui zito huja mwisho, ukikoroga bila kuacha hadi lichemke, lisije likakatika. Matembele na mchicha havihitaji mateso hayo. Dakika chache vimeiva, na magadi huharibu vitamini kwa ajili ya rangi tu. Ng'onda au dagaa waliokaangwa kidogo huingia kabla ya tui.

Majani ya kunde yakizidi, yachemshe kidogo, yakamue, uyaanike kivulini hadi yawe makavu kabisa. Mchicha haukaushiki vizuri wakati wa masika, basi ujue mapema jirani gani utampelekea fungu.